Jinsi ya Kutunga Hadithi ya Watoto Kuhusu Utajiri na Rafiki wa Kweli: Mwongozo Kamili

Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha, Julai 2022, kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, haja ya hadithi za watoto zenye mitaa, vyakula na majina ya hapa kwetu imezidi kuwa kubwa. Miongoni mwa mambo ambayo walimu na wazazi hupenda yasimuliwe ni utajiri na urafiki wa kweli, na hilo si ajabu, kwa kuwa mtoto wa miaka saba tayari anajua ni nani darasani huja na pesa za matumizi na ni nani huja mikono mitupu. Mwongozo huu unaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kuitunga hadithi ya namna hiyo, kuisimulia, na kuifanya kijitabu. Ili maelezo yasielee hewani, nitaijenga hadithi moja tangu mwanzo hadi mwisho: ya wasichana wawili wa Busia, Sanyu na Nekesa. Busia ni mji wa mpaka wa Uganda na Kenya, ambako Kiswahili husikika kila siku sokoni, stendi na kwenye foleni za malori.

Kabla ya kushika kalamu

Hadithi za namna hii zina njia iliyokwisha kukanyagwa sana. Tajiri ana marafiki wengi; mali yake inapotea; marafiki wanatoweka; maskini mmoja anabaki naye; na msimulizi anafunga kwa kusema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali yenyewe ni ya kweli, nami siipingi. Ninachokihofia ni kile ambacho njia hiyo humfanyia mtoto anayesikiliza.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika hadithi ya aina hiyo na kuisoma mbele ya darasa la tatu ambamo alikuwamo mtoto wa mwenye duka. Tajiri wa hadithi alipofilisika, watoto wawili watatu waligeuka wakamtazama mwenzao huyo, mmoja akacheka, naye akainamisha kichwa hadi kengele ilipolia. Siku hiyo nilielewa kwamba nilikuwa nimewafundisha watoto kufurahia anguko la mwenzao. Wala mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo hakupata chochote cha kumsaidia, kwa kuwa hadithi ilimtaka awe mwema na mvumilivu kila saa ili astahili kupendwa. Tangu hapo nimejiwekea sharti moja ambalo silivunji: mtoto wa mwenye duka na mtoto asiye na karo waweze kusikiliza hadithi ileile wakiwa wameketi bega kwa bega, na hakuna kati yao anayetamani kutoka nje.

Hatua ya kwanza: sentensi moja ya kukuongoza

Andika, kwenye karatasi ambayo watoto hawataiona, sentensi moja inayosema hadithi yako inataka mtoto aone nini. Sentensi kama "urafiki ni bora kuliko mali" haitakusaidia, kwa sababu haikuambii tukio gani litokee wala nani aseme nini. Tafuta sentensi yenye tendo ndani yake.

Yangu niliipata sokoni. Mtu akinunua fungu la nyanya na kulipa, muuzaji na mnunuzi husema wamemalizana: hakuna anayemdai mwenzake, na kila mmoja anaweza kwenda zake bila kugeuka nyuma. Neno hilo lilinifikirisha sana, kwa kuwa marafiki ndio watu ambao hawamalizani. Leo wewe unanidai, kesho mimi ninakudai, na hatuna haraka ya kulipana kwa kuwa deni lenyewe ndilo linaloturudisha kwenye mlango mmoja. Basi sentensi yangu ikawa hii: Sanyu anataka kumlipa Nekesa ili wamalizane, na Nekesa anakataa. Ndani ya sentensi hiyo mna wahusika wawili, mna kitu kinachotolewa, na mna mkono unaokataa kukipokea. Hadithi tayari ina kiini.

Hatua ya pili: mjue mtoto na Kiswahili chake

Tangu 2007, mtaala wa madarasa ya chini ya shule za msingi Uganda umeelekeza kwamba watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, kisha darasa la nne liwe la mpito kuelekea Kiingereza. Maana yake ni kwamba watoto wengi hukutana na Kiswahili kikiwa lugha yao ya tatu. Mtunzi asipolikumbuka jambo hili ataandika kana kwamba anawaandikia watoto waliozaliwa Unguja, na wasomaji wake watachoka kabla ya ukurasa wa pili.

Kwa watoto wa miaka sita hadi minane mimi hujizuia kwenye maneno 400 hivi, na kwa wa miaka tisa hadi kumi na miwili hufika 1,000. Sentensi iwe na tendo moja, au matendo mawili yanayofuatana kwa -ka-, kwa sababu -ka- humvuta msikilizaji mbele bila kumchanganya: alisimama, akatazama, akacheka. Chagua nomino chache zitakazorudi mara kwa mara na uzichunge katika ngeli zake, ili mtoto azisikie zikipatana na viambishi vyake mpaka azizoee. Katika hadithi hii, baiskeli, tairi na mwiba zitarudi kila mahali. Neno rafiki lenyewe linahitaji uangalifu: watoto wengi, na hata watu wazima, husema "rafiki wangu" kwa kulifuatisha na "mtoto wangu", ilhali Kiswahili sanifu husema "rafiki yangu" na "marafiki zangu". Usimsahihishe mtoto katikati ya hadithi. Weka umbo sahihi kinywani mwa mhusika anayependwa, nalo litamwingia lenyewe.

Hatua ya tatu: utajiri uwe kitu kinachoshikika

Mtoto haoni "mali nyingi". Anaona kitu. Kwa mtoto wa Ankole kitu hicho kinaweza kuwa ng'ombe wa pembe ndefu, kwa wa Masaka shamba la kahawa, kwa wa kandokando ya Ziwa Victoria mtumbwi wenye injini. Mimi nimempa Sanyu baiskeli mpya, kwa sababu hadithi inatokea Busia, na mpaka huu una historia yake na baiskeli: hapa ndipo, miaka ya 1960, vijana walipoanza kuwapakia wasafiri kwenye baiskeli ili kuwavusha kutoka kituo cha upande mmoja hadi cha upande wa pili, na kutokana na kazi hiyo neno bodaboda likazaliwa. Babu wa mtoto yeyote wa Busia anaweza kuwa na kisa cha baiskeli cha kumwongezea baada ya hadithi kwisha, na hilo ni jambo zuri kwa hadithi yoyote.

Kitu cha pili ni sarafu. Watoto wetu wanazifahamu sarafu kwa wanyama wake kabla hawajajua kusoma tarakimu: ng'ombe yuko kwenye shilingi 100, samaki kwenye 200, na korongo mwenye taji, yule wa kwenye bendera ya taifa, yuko kwenye 500. Ukimwambia mtoto kwamba Sanyu alikuwa na korongo mfukoni, ataelewa mara moja, na atatabasamu.

Vitu viwili vinatosha. Ukiongeza jumba, gari na televisheni, mtoto atabaki akihesabu vitu na kumsahau mwenye vitu.

Hatua ya nne: wahusika wasiogawanywa wema na wabaya

Hapa ndipo hadithi nyingi za aina hii huharibika. Mpe mhusika tajiri kitu cha kupendwa na mpe maskini dosari ya kweli. Baba yake Sanyu ana duka la jumla, na kila mapumziko Sanyu hununua kabalagala, vile vitafunio vya ndizi vya kukaanga, na kuwagawia wenzake. Hafanyi hivyo kwa majivuno. Alipohamia shule hii alikula peke yake kwa wiki nzima, na anaogopa siku hiyo isirudi. Mtoto yeyote aliyewahi kusimama peke yake uwanjani atamwelewa.

Nekesa analelewa na babu yake, fundi wa baiskeli mwenye kibanda kando ya barabara. Ana mikono hodari, lakini ana kiburi: hapendi kuomba chochote, na hupendelea kukosa kitu kuliko kukiri kwamba anakihitaji. Nimempa pia siri moja, ambayo ninaamini ndiyo inayoishikilia hadithi yote. Ingawa anajua kutengeneza baiskeli, hajui kuendesha, kwa sababu baiskeli zinazofika kibandani ni za wateja, na babu haruhusu mtu achezee mali ya wateja.

Na wale marafiki wa kabalagala? Usiwafanye wasaliti. Mwiba unapolitoboa tairi la Sanyu njiani, wao huondoka kwa sababu mawingu yametanda na kila mmoja ametumwa maji nyumbani. Mtoto anayesikiliza naye amewahi kumwacha mwenzake njiani kwa sababu kama hiyo, na ukimwita msaliti atajifunza kujitetea tu.

Hatua ya tano: tukio lisimuliwe kwa karibu

Mahali pengine pote unaweza kupita haraka, lakini tukio la katikati ulitendee haki. Nenda ukalitazame kwa macho yako. Mimi nilikaa jioni nzima kwenye kibanda cha fundi nikiangalia pancha ikizibwa, nikaandika kila tendo kwa mpangilio wake, kwa sababu watoto wanaojua kazi hiyo watakukamata ukikosea, na ukipatia watakuamini katika mengine yote. Hiki ndicho nilichokiandika baadaye:

"Nekesa aliipindua baiskeli, magurudumu yakaangalia juu. Akachomeka mpini wa kijiko chini ya tairi. Akachomeka na wa kijiko cha pili, akavuta. Tairi likatoka upande mmoja. Akautoa mpira wa ndani, akaujaza hewa, akauzamisha kwenye beseni la maji.

'Sasa tazama,' alisema.

Sanyu akatazama. Maji yalikuwa kimya. Nekesa akauzungusha mpira kidogo. Kimya. Akauzungusha tena. Vipovu vidogo vikapanda, kimoja kimoja, kana kwamba kuna samaki anayepumua chini yake.

'Huyo hapo!' wakasema wote wawili kwa pamoja."

Baada ya hapo huja msasa wa kukwaruza mahali palipotoboka, gundi, subira ya kuiacha gundi ikauke kidogo, kisha kiraka na kidole gumba cha kukikandamiza. Ile subira ya gundi ni zawadi kwa mtunzi. Ni dakika chache ambazo wasichana wawili hawana la kufanya isipokuwa kuongea, na hapo Sanyu anaweza kueleza kuhusu wiki ile aliyokula peke yake, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Mazungumzo ya namna hiyo hayaji watu wanapotazamana; huja wakiwa wameinamia kazi moja.

Zingatia pia adabu. Sanyu anapofika kibandani humsalimu kwanza mzee, "Habari ya jioni, babu," na mzee, mwenye mteja mbele yake, hujibu, "Njema, mjukuu wangu. Karibu. Nekesa, vifaa viko hapo." Mtoto wa kwetu akisikia mhusika amepita mbele ya mzee bila salamu, atalifikiria hilo mpaka mwisho na hatasikia kitu kingine.

Hatua ya sita: mkono unaokataa

Sasa irudie ile sentensi yako ya kwanza na uipe nafasi. Usieleze hisia. Acha mikono na vitu vieleze.

"Sanyu alitia mkono mfukoni, akatoa shilingi 500. Korongo akang'aa.

'Chukua,' alisema.

'Ya nini?'

'Ya kazi. Umenizibia pancha.'

Nekesa alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. 'Wateja wa babu ndio wanaolipa,' alisema. 'Mimi nilidhani tunatembea pamoja.'

Sanyu akabaki na sarafu kiganjani. Ilikuwa imepata joto, na hakujua aiweke wapi."

Ukishaandika mahali kama hapa, nyanyua kalamu. Kishawishi cha kuongeza "Sanyu akatambua kwamba fedha haiwezi kununua urafiki" ni kikubwa, nami nimewahi kukiangukia, lakini sentensi hiyo humpokonya mtoto kazi ambayo tayari alikuwa ameanza kuifanya mwenyewe kichwani. Kumbuka pia kwamba Sanyu hakufanya kosa kubwa. Alitoa alichokuwa nacho, kwa njia pekee aliyoijua. Isome sehemu hiyo kwa sauti ya upole.

Anayewaandikia watoto wa Buganda anaweza kutumia alama nyingine badala ya sarafu. Zamani Waganda wawili waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana walifanya omukago: walichukua tunda moja la kahawa, ambalo kwa kawaida huwa na mbegu mbili ndani yake, kila mmoja akaichovya mbegu yake katika damu yake, wakabadilishana na kuzimeza. Kwa watoto wadogo damu iachwe kando. Mbegu mbili zilizolala tumbo kwa tumbo ndani ya ganda moja zinatosha kabisa, na ukija na tunda bichi la kahawa darasani, ukalipasua mbele yao, hutahitaji maelezo marefu.

Hatua ya saba: mwisho

Urafiki wa upande mmoja ni sadaka, na hadithi inayoishia pale maskini anapomsaidia tajiri humwacha tajiri akiwa mpokeaji tu. Kwa hiyo siku inayofuata Sanyu anarudi kibandani bila kabalagala na bila sarafu mkononi, na anaomba afundishwe kuziba. Mikono yake inachafuka. Kisha, bila Nekesa kuomba, anaigundua ile siri: anamwambia ajaribu baiskeli, Nekesa anasema hataki, anasema tena hataki, na sauti yake inamsaliti.

"'Nitakushikia nyuma,' alisema Sanyu.

Nekesa akapanda. Baiskeli ikayumba.

'Usiniachie!'

'Sijakuachia!'

'Usiniachie, Sanyu!'

'Sijakuachia!' Sanyu akakimbia, akakimbia, mkono mmoja kwenye kiti."

Hadithi inaishia hapo, wote wawili wakiwa mbioni. Sanyu hajawa maskini na Nekesa hajatajirika. Duka bado liko wazi, kibanda bado kiko kando ya barabara.

Hatua ya nane: kuisimulia

Hadithi iliyoandikwa kwa ajili ya watoto bado ni hadithi ya mdomoni. Anza kwa wito unaowaamsha: "Paukwa!" nao wajibu "Pakawa!", au "Hadithi, hadithi!" nao wajibu "Hadithi njoo!" Palipo na watoto wengi wa Kiganda, unaweza kuanza kwa "Awo olwatuuka" wanayoisikia nyumbani kisha ukaendelea kwa Kiswahili, macho yao yatakuambia kama umewapata. Wape watoto sehemu ya kusema. Katika hadithi hii nusu ya darasa inaweza kuwa Nekesa, "Usiniachie!", na nusu nyingine Sanyu, "Sijakuachia!", mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu zaidi. Mahali pa vipovu teremsha sauti na unyamaze kabisa kati ya mzunguko na mzunguko, kwa muda mrefu kuliko unavyodhani unafaa. Ukiwa na beseni na kipande cha mpira wa baiskeli, waoneshe.

Ukimaliza, usiulize "Tumejifunza nini?" Swali hilo huwafanya watoto watafute jibu linalompendeza mwalimu. Uliza: Sanyu angesema nini badala ya "chukua"? Kwa nini Nekesa alifuta vidole kimoja kimoja? Wewe hujui kufanya nini, na hujamwambia mtu? Swali la tatu lijibiwe na anayetaka tu.

Hatua ya tisa: kuifanya kijitabu

Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne, na karatasi nne zikiwekwa moja ndani ya nyingine hutoa kurasa 16. Jalada la mbele na la nyuma, kwa ndani na kwa nje, huchukua nne. Zinabaki 12 za hadithi. Kwa hadithi ya maneno 400 hiyo ni takriban sentensi nne au tano kwa kila ukurasa, pamoja na picha. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa msumari, pitisha uzi wa kushonea na ufunge fundo kwa ndani. Kabla ya kuandika nakala safi, isome rasimu kwa watoto ambao hawajaisikia, na uandike kila mahali wanapoangalia dirishani na kila swali wanalouliza bila kuulizwa.

Mimi nilipofanya hivyo, mtoto mmoja wa darasa la pili alinyoosha mkono baada ya baiskeli kwenda na akauliza: "Mwalimu, na ile 500?" Nilikuwa nimeisahau sarafu kiganjani mwa Sanyu. Darasa zima lilitaka kujua, na mapendekezo yalikuwa mengi: anunue kabalagala, ampe babu, airudishe kwa baba yake. Nilirudi nyumbani nikaupanga upya ukurasa wa 14, ambao ndio wa mwisho wa hadithi. Picha yake ni ya mkebe wa babu, umefunguliwa: msasa, gundi, vipande vya mpira wa zamani, na korongo mmoja kando yao. Chini yake pana sentensi moja. "Gundi ikiisha," alisema Nekesa, "tutanunua nyingine."